Asubuhi Nampa Mungu Siku, Mchana Namnyang'anya



Mimi ni karani wa parokia katika milima ya Umatengo, upande wa Mbinga. Umri wangu umepita miaka 30, nina mke na watoto watatu. Nilisoma chuo cha ualimu nikahitimu, kisha nikangoja ajira mpaka viatu vyangu vya usaili vikatoboka. Ndipo Baba Paroko aliponiita, akaniuliza kama mwandiko wangu unasomeka. Nikasema unasomeka. Tangu siku ile hiyo ndiyo kazi yangu. Hata leo watu huniita "mwalimu", ingawa sina darasa, nina kabati la vitabu tu.

Habari ninayotaka kuwaeleza si ya kujisifu. Inamhusu pia mzee mmoja wa kigango cha mbali. Nilimwendea kumwomba ruhusa kabla sijaandika, naye akanijibu, "Andika, mwalimu, huenda itamfaa mtu. Ila jina langu liache." Basi jina naliacha.

Kwanza niwaeleze kazi yenyewe. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, katika kanuni ya 535, yaagiza kila parokia iwe na vitabu vyake: cha ubatizo, cha ndoa, cha wafu, na vinginevyo. Mtoto akibatizwa, namwandikia mstari wake. Miaka ikipita, pembeni mwa mstari uleule naongeza kipaimara chake, tena ndoa yake, au upadre, au nadhiri za utawa. Siku Bwana akimwita, namfungulia mstari wa mwisho katika kitabu cha wafu. Jina lake, umri wake, tarehe, mahali alipozikwa. Na katika kitabu chetu kuna safu moja nyembamba yenye maneno haya: "Sakramenti alizopokea." Ishikeni safu hiyo akilini, nitairudia.

Zamani nilijiona mtu wa Mungu kweli kweli. Niliamka saa kumi na moja alfajiri, nikapiga magoti kando ya kitanda, nikamtolea Mungu siku nzima pamoja na kazi zake na taabu zake. Kisha Misa. Kisha nikafagia ofisi, nikakaa chini ya msalaba, nikafungua vitabu vya Kanisa. Hata kalamu yangu ilikuwa ya parokia. Nani angesema siku yangu si ya Mungu? Anayeshinda jikoni hunuka moshi, nami nilidhani anayeshinda kanisani hunukia utakatifu.

Ilikuwa Januari ya mwaka 2022, siku ya Jumamosi. Januari ndio mwezi wa taarifa ya mwaka. Tulitakiwa kupeleka jimboni hesabu ya waliobatizwa, waliopata kipaimara, waliofunga ndoa na waliofariki katika mwaka uliopita. Mvua ilikuwa ikinyesha tangu usiku. Hesabu yangu ya ubatizo ilikataa. Kwenye vitabu nilipata idadi moja, kwenye karatasi za makatekista idadi nyingine, tofauti ya watoto watatu. Nikaanza kuhesabu upya, kidole juu ya mstari, midomo ikichezacheza.

Yapata saa nne asubuhi nikasikia, "Hodi."

Sikuinua kichwa. Nikasema, "Karibu, kaa hapo kwenye benchi, nakuja sasa hivi."

Yule mtu akakaa. Kwa pembe ya jicho niliona ni mzee, koti limelowa, miguu ina tope hadi magotini. Shikamoo sikumpa. Mimi niliyefundishwa chuoni namna ya kumfundisha mtoto adabu, nilimwacha mzee wa rika la babu yangu akae bila shikamoo, kwa kuwa nilikuwa nimefika mstari wa 41 na niliogopa kupoteza hesabu.

"Sasa hivi" yangu ilikwenda zaidi ya saa nzima. Katikati yake nikasikia pikipiki ya Baba Paroko ikiwaka nyuma ya nyumba. Alikuwa akienda kigango cha ng'ambo ya mto kuungamisha, alale huko, asome Misa ya Dominika. Mzee naye aliisikia. Hakusema neno. Hatimaye nikawapata wale watoto watatu, waliandikwa kwenye ukurasa wa nyuma. Nikafurahi, nikafunga kitabu, nikainua kichwa nikicheka.

"Haya, mzee, shikamoo. Una shida gani?"

"Marahaba, mwalimu. Bibi yenu hali yake si nzuri. Tangu juzi hali, hanywi ila maji kidogo. Jana usiku ameomba aitiwe padre. Nimetoka nyumbani kabla ya mapambazuko."

Nilisimama, miguu ikaniishia nguvu. Nikapiga simu ya Baba Paroko, haipatikani, maana ng'ambo ya mto mtandao haufiki. Nikamtuma kijana wa bodaboda amfuate. Alirudi baada ya muda mfupi akasema mto umejaa, maji yamefunika daraja la miti. Padre alikuwa amewahi kuvuka. Laiti ningeinua kichwa saa nne, ningetembea hatua 30 tu kutoka mezani mpaka mlangoni pake.

Mzee hakuniambia neno baya. Akasema, "Basi nirudi nikakae naye." Nikampa mwavuli wangu. Huo ndio wema wote nilioufanya siku ile.

Dominika maji yalipungua. Baba Paroko alirudi mchana, nikamweleza pale pale uani. Hakula, hakubadili nguo. Akachukua mafuta ya wagonjwa na Ekaristi Takatifu, akaondoka. Alipofika alikuta majirani wamejaa na akina mama wanalia. Bibi alikuwa ameaga alfajiri.

Aliporudi usiku hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alisema tu kwamba bibi yule alikufa akiwa ameshika rozari, wajukuu wakisali naye pamoja na katekista, na kwamba alitubu na kumtamani Bwana wake mpaka mwisho. Akanikumbusha Kanisa linavyofundisha, kwamba Mungu ametupa sakramenti ziwe njia ya wokovu, lakini yeye mwenyewe hafungwi nazo. Maneno hayo ni ya kweli nami nayaamini. Sina wasiwasi juu ya bibi yule. Wasiwasi wangu ulikuwa juu ya karani.

Baada ya mazishi nilifungua kitabu cha wafu. Nikaandika jina lake. Nikaandika umri wake, tarehe na makaburi. Nikafika kwenye ile safu nyembamba, "Sakramenti alizopokea", mkono ukasimama. Nikachora kistari kidogo, maana yake hakuna. Urefu wake haufiki nusu ya ukucha. Katika miaka yote ya kazi yangu sijawahi kuandika kitu kizito kama kile.

Na ile taarifa ya mwaka? Ilifika jimboni kwa wakati wake. Hesabu zilikuwa sahihi, hakuna aliyesahihisha hata moja. Nilihesabu roho za parokia nzima kwenye karatasi, na roho moja nikaiacha ikingoja kwenye benchi.

Nilikwenda kuungama. Lakini niliona haitoshi kuomba msamaha kwa Mungu nisimwombe niliyemkosea. Wiki iliyofuata nikapanda mlima kwenda kwa mzee. Nilimkuta amekaa nje anachambua maharage. Nikapiga magoti, nikamweleza yote: kwamba sikuwa na jambo kubwa, nilikuwa natafuta watoto watatu waliopotea kwenye karatasi.

Alinyamaza kitambo. Kisha akasema, "Mwalimu, ungeniuliza tu." Akaendelea kuchambua. Halafu akasema tena, "Na mimi ningesema. Lakini nilikuona unaandika mambo ya Mungu, nikaogopa kukukatiza."

Ndugu zangu, neno hilo lilinichoma kuliko lawama yoyote. Mzee yule aliniheshimu kwa ajili ya Mungu, na Mungu mwenyewe ndiye aliyekuwa kwenye benchi. Mnakumbuka katika Injili ya Luka yule Mlawi aliyemwona mtu amelala njiani nusu mfu, akapita kando? Zamani nilimhesabu kuwa mtu mbaya. Sasa nadhani alikuwa mtu kama mimi. Alikuwa mtumishi wa Hekalu. Labda naye alikuwa na taarifa ya kupeleka.

Asubuhi nilimpa Mungu siku yangu yote, kwa magoti na kwa maneno mazuri. Saa nne nikamnyang'anya. Nilifanya kama mtu amwambiaye jirani yake, "Shamba hili nimekupa," na jirani akija na jembe akamfukuza.

Jioni ile nikateremka nikimfikiri babu yangu, baba wa baba yangu. Katika ujana wake alikuwa fundi mwashi kwa Wabenedikto. Wamonaki hao walianza misioni ya Peramiho mwaka 1898, na tangu hapo wamejenga makanisa, shule na hospitali katika nchi yetu ya kusini. Babu alitusimulia kwamba kengele ya sala ikilia, bruda aliyeshika mwiko aliuweka chini palepale na kwenda zake, hata kama tofali lilikuwa halijakaa sawa. Mafundi walicheka mwanzoni. Walisema, "Si aliweke kwanza tofali hili moja?" Sisi watoto tulicheka pia.

Nilimwuliza Baba Paroko juu ya jambo hilo, akanieleza asili yake. Mtakatifu Benedikto, aliyeishi Italia katika karne ya 6, aliwaandikia watawa wake Kanuni yenye sura 73. Katika sura ya 43 anaagiza kwamba ishara ya sala ikisikika, mtu aache alichonacho mkononi na kwenda upesi. Kabla yake, Yohane Kasiano alikwisha kusimulia habari za wamonaki wa Misri, kwamba mlango ukigongwa kuwaita kwenye sala au kazi, mwandishi aliyekuwa akiandika herufi moja hakuthubutu kuimalizia. Sikilizeni hilo, enyi makarani wenzangu. Si ukurasa, si mstari. Herufi moja!

Lakini kilichonigusa zaidi ni sura ya 66, inayohusu bawabu wa monasteri. Benedikto ataka langoni akae mzee mwenye busara. Mtu akibisha, au maskini akiita, bawabu aitikie mara moja kwa kumshukuru Mungu. Asema hivyo kabla hajajua aliyebisha ni nani wala ameleta nini. Pengine ni askofu, pengine ni mwombaji, pengine ni mlevi aliyepotea njia. Yeye kwanza amshukuru Mungu, ndipo afungue.

Hapo nilielewa kosa langu lilipokuwa. Nilidhani kengele ya Mungu ni ile ya mnarani tu. Sikujua kwamba hodi nayo ni kengele.

Ninyi mnaolima ngoro mtanielewa upesi. Kwa wasomaji wa mbali nitaeleza kidogo. Milima yetu ni mikali, mvua ingeweza kuuteremsha udongo wote mtoni. Wazee wetu walikata majani, wakayalaza kwa mistari inayokatana mfano wa miraba, kisha wakachimba udongo wa katikati ya kila mraba wakayafukia majani yale. Hivyo mlima mzima hujaa mashimo, na juu ya kingo zake hupandwa maharage na mahindi. Mvua ikinyesha, kila shimo hushika maji yake. Majani yaliyofukiwa huoza yakawa mbolea.

Sala ya asubuhi ni kama mvua ya usiku. Ni njema, ni ya lazima, bila hiyo hakuna mavuno. Lakini siku isiyo na mashimo haishiki maji. Ifikapo saa nne neema yote imekwisha kuteremka mtoni, nawe umebaki mkavu, unahesabu mistari. Haisaidii kulalamika kwamba mvua ilikuwa ndogo. Chimba mashimo.

Mashimo yenyewe si makubwa. Nami nataja yale ninayoyatumia mwenyewe.

La kwanza ni Malaika wa Bwana. Kengele ya saa sita ikilia nasimama, hata kama niko katikati ya hesabu. Mkulima aweza kuegemea jembe lake. Mama anayesonga ugali asiache sufuria liungue, aweza kusali akiwa na mwiko mkononi. Mwenye bodaboda azime injini dakika mbili. Kama kigango chenu hakina kengele, jua likisimama utosini ndiyo kengele yenu.

La pili ni hodi. Nimegeuza meza yangu, sasa inatazama mlango. Nikisikia hodi naweka kalamu chini, nasema moyoni "Tumshukuru Mungu", kisha nasimama nampa mtu salamu yake, namwuliza, "Una haraka au waweza kungoja?" Mara nyingi husema aweza kungoja, nami narudi kwenye kazi yangu kwa amani. Swali hilo halichukui hata nusu dakika. Laiti ningelijua mapema! Majuto ni mjukuu.

Sisemi kwamba kila abishaye analeta jambo la maana. Wiki iliyopita mtu mmoja alinikatiza kuniuliza matokeo ya mpira. Wala sisemi kazi iachwe. Taarifa lazima iandikwe, kahawa lazima ichumwe, watoto lazima wale, na kazi ifanyikayo kwa uaminifu ni sadaka mbele ya Mungu. Nasema hivi tu: kazi niliyomtolea Mungu si mali yangu tena. Akitaka kuisimamisha, yeye ndiye mwenyewe. Mama, mtoto akikuvuta kanga wakati unapepeta, pengine ni uchokozi, pengine ana homa. Mtazame kwanza. Baba, wakati wa kuuza kahawa, mjane akikuomba umsaidie kusoma mizani, usimwambie "baadaye". Kijana mwenye pikipiki, ukiitwa usiku kumpeleka mgonjwa, usiipandishe nauli kwa kuwa hana njia nyingine. Hapo ndipo sala yetu ya asubuhi inapopimwa.

La tatu ni la jioni. Zamani uchunguzi wangu wa dhamiri ulikuwa mrefu na wa kusinzia. Siku hizi baada ya rozari nyumbani tunaulizana swali moja: "Leo nani alibisha hodi kwako?" Kila mmoja hujibu. Mke wangu hutaja jirani aliyekuja kuazima chumvi na kumbe alitaka mtu wa kulia naye. Binti yangu wa miaka 6 siku moja alisema aliyebisha kwake ni kuku wa jirani aliyenaswa kwenye uzi, naye akamfungua. Tulicheka sote. Lakini nililala nikiwaza kwamba mtoto huyu ameanza mapema kusikia kuliko baba yake.

Msidhani nimekwisha kuwa mtakatifu. Bado nakosa. Siku nyingine nasema "Tumshukuru Mungu" na uso wangu unasema neno jingine. Mwezi uliopita nilimwacha mama mmoja akingoja cheti cha ubatizo huku nikisoma ujumbe katika simu. Nilipokumbuka nilisimama nikamwomba radhi. Alishangaa, akadhani ninaumwa.

Mara kwa mara kazi hunirudisha kwenye ukurasa ule wa kitabu cha wafu. Kistari kile kipo. Vitabu vya parokia havifutwi, wala nisingependa kifutwe. Kila nikikiona, huinua kichwa na kutazama mlangoni.

Januari hii mzee alikuja tena, kuleta nia ya Misa kwa ajili ya marehemu mkewe. Alisimama kwenye kizingiti, ameshika mwavuli wangu wa siku ile, akaita hodi. Niliweka kalamu katikati ya neno, nikasimama.

"Shikamoo, babu. Karibu sana. Una haraka?"

Akacheka, meno yake machache yakaonekana. "Leo sina haraka, mwalimu. Malizia tu neno lako."

Sikulimalizia. Tulikaa wote wawili kwenye lile benchi.

Wasomaji wapenzi, kesho asubuhi mkipiga magoti, mpeni Mungu siku yenu kama mlivyozoea. Kisha mtegee sikio mlangoni. Hajachelewa kuja kuipokea.

Ni mimi wenu katika Kristo,
Karani wa Parokia, Umatengo